Buti za Usharika

Restuta alikuwa mtu wa hasira, na watu wa Kimuli walishazoea kumsamehe kabla hajawakosea. Ukimkuta gulioni Nkwenda, ameketi kwenye kigoda nyuma ya turubai lake la viatu vya mitumba, usimwendee na kiatu kisichokutosha ukategemea salamu. Hatakutazama usoni. Atatazama chini, kisha atauliza nani alikununulia hicho. Ukisema ulinunua mwenyewe atakuonea huruma. Ukisema ulinunuliwa, umemwasha, na hapo wateja wengine wote watasubiri mpaka amalize.

Hasira hiyo haikuanzia sokoni. Ilianza akiwa darasa la sita, msichana mwembamba aliyekimbia mita mia nane kama anafukuzwa. Alikuwa amechaguliwa kwenda mashindano ya wilaya, na ilisemekana watakaoshinda watachukuliwa na shule moja ya bweni iliyopenda wanamichezo. Baba yake, mzee mwema ambaye hakuwahi kumnyima mtoto chakula, aliuza kahawa akamnunulia raba nyeupe. Zilimzidi namba mbili. "Utakua nazo," alisema, na Restuta, mtoto mtiifu, alijibu kwamba hakuna shida, ataweka magazeti.

Aliongoza mbio zile mpaka kona ya mwisho. Hapo raba ya kushoto ilibaki nyuma, yeye akaendelea na soksi hatua mbili, kisha akaanguka kifudifudi. Wasichana watano walimpita. Baba yake alikuja, akamwinua, akampangusa magoti yaliyochunika, akaenda kuiokota ile raba, akaigeuza huku na huku. Akamwambia asilie, maana raba ilikuwa nzima kabisa.

Leo Restuta ana miaka arobaini na sita, na neno hilo bado linamchoma. Baba alishakufa, alimlilia na kumzika vizuri, lakini raba hakumsamehe.

Kwa hiyo, alipoolewa na Aimable, mkulima mpole mwenye kibanja cha migomba na kahawa upande wa mteremko, hakukaa nyumbani. Aliingia kwenye biashara ya viatu, na katika miaka ishirini na zaidi alijifunza miguu ya wilaya nzima ya Kyerwa kama mwinjilisti anavyojua zaburi. Alijua nani ana kidole kirefu cha pili, nani mguu wa kulia umemzidi wa kushoto, nani anaficha kucha mbovu. Mzazi akija kumnunulia mtoto kiatu cha shule kikubwa ili adumu nacho miaka miwili, Restuta alimfukuza na pesa zake. Watu walisema mwanamke huyu hatatajirika. Hilo walisema kweli.

Mtoto wake wa pili, binti aitwaye Uwitonze, alikuwa kinyume chake. Mpole, mwenye sauti ya chini, kiongozi wa vijana pale usharikani akiwa na miaka ishirini na mitatu. Lakini alikuwa na jambo moja. Tangu utotoni, mvua ikinyesha na mteremko wa nyuma ya nyumba ukalowa, watoto walibandua magome ya mgomba, wakayakalia, wakateleza mpaka bondeni. Uwitonze hakukaa. Aliteleza amesimama, magoti amekunja, mikono ameitawanya, na wavulana wa jirani walijaribu kumwiga wakaishia kwenye mitaro. Restuta alimchapa mara ngapi kwa ajili ya magauni yaliyojaa tope hata hakumbuki. Anachokumbuka ni kwamba kila alipomchapa, moyoni alikuwa akijisifu.

Mwezi wa kumi na moja ikaja barua kutoka usharika rafiki wa Norwe. Walialika kiongozi mmoja wa vijana kwa siku kumi, mwezi wa kwanza, na siku tatu kati ya hizo wangekuwa mlimani, kwenye theluji, ambako vijana wa kule hufundishana kuteleza wamesimama juu ya ubao. Kwenye fomu kulikuwa na swali: unataka kujifunza, au utabaki nyumbani kupika na wenzako? Uwitonze hakuuliza mtu. Aliandika kwamba anataka kujifunza.

Wenyeji walikuwa watu wa kusema wazi. Tiketi wangelipa wao. Ubao na kofia ngumu wangemwazima, lakini nguo za baridi na buti aje nazo, na asiye na buti zinazomkaa sawasawa hatapandishwa mlimani, kwa sababu mguu ukicheza ndani ya buti, mtu huvunjika. Dada mmoja wa kule, aliyeandika ile barua, akaongeza kwa ujumbe wa simu maelezo ya jinsi ya kuchagua. Ukisimama wima, ncha ya kidole gumba iguse mbele kidogo. Ukikunja magoti, kidole kirudi nyuma kisiguse tena. Kisigino kisiinuke hata kidogo. Soksi iwe moja, ya sufu, isiwe ya pamba, maana pamba ikilowa hugandisha mguu. Na isiwe buti ngumu ya plastiki. Hiyo ni ya mchezo mwingine. Iwe buti laini yenye kamba, ambayo ndani yake kuna kiatu kingine cha sponji kinachotoka.

Restuta alimwambia binti yake amsomee tena. Kisha tena. Aliposikia habari ya kisigino kwa mara ya tatu alisema huyo dada, awe nani, anajua viatu.

Usharika ukafanya harambee. Watu walitoa walichonacho: kahawa kavu kwenye debe, mikungu ya ndizi, sabuni. Hata Mbonimpa, kibarua mwenye asili ya Burundi anayelinda ng'ombe wa watu ng'ambo ya kilima, alileta kuku mmoja, na jina lake likasomwa mwishoni kabisa, watu wakiwa wameshaanza kuinuka. Mbonimpa hukaa karibu na mlango kila Jumapili, na sadaka yake humpa mtoto aipeleke mbele, kwa sababu huja na kandambili na hapendi zisikike zikipiga sakafu.

Kamati ilipokaa kupanga ununuzi, Restuta alikwenda na moyo mweupe. Aliwaambia anajua kila aina ya robota la mitumba inayofunguliwa kutoka Murongo mpaka Omurushaka, wampe wiki mbili na sehemu ndogo tu ya zile pesa, ataleta buti zinazomtosha Uwitonze na chenji juu. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Cleophace, mwalimu mstaafu, msafi wa shati na wa maneno. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba si vizuri fedha ya Bwana itoke kwa mlango mmoja na kuingia kwa mlango mwingine wa nyumba ileile.

Restuta alikuwa ameitwa mwizi kwa Kiswahili safi, mchana, mbele ya picha ya Yesu na kondoo. Aliondoka bila kuaga, na njia nzima alikuwa akijibizana na Cleophace peke yake, akimshinda kila mara.

Kamati ilimwachia anunue zile nguo nyingine kwa pesa zake mwenyewe kama anapenda. Akapenda. Alichukua makoti sita ya baridi kwa wachuuzi wenzake, akayamwagia maji ya kikombe moja baada ya jingine, na lile ambalo maji yaliteleza juu yake bila kuingia ndilo alilochukua, hata kama zipu yake ilikuwa mbovu. Zipu fundi huibadilisha. Suruali aliipima kwa Uwitonze akiwa amechuchumaa, maana kusimama tu hata gunia humkaa mtu. Glavu alizigeuza ndani nje kutafuta mishono iliyoachia. Soksi za sufu alizitambua kwa kuchoma uzi mmoja na kunusa, kama unanusa nywele zilizoungua. Vyote hivyo havikufika bei ya mbuzi. Alifanya kazi hiyo kwa ghadhabu, na mtu akiwa na ghadhabu ya namna ile hafanyi kosa.

Siku kumi kabla ya safari, Mzee Cleophace alirudi kutoka Mwanza, alikokwenda kwenye harusi ya mpwa wake, akaja na buti. Alizileta nyumbani mwenyewe, zimefungwa kwenye mfuko wa salfeti ulio safi. Zilikuwa mpya. Nyekundu, laini, kamba nene, kiatu cha ndani kipo. Kwa aina hakukosea, na Restuta alikiri moyoni, ingawa ilimuuma. Kisha akaangalia chini ya ulimi wa buti.

Namba arobaini na tatu. Mguu wa Uwitonze ni arobaini.

Alimwuliza mzee, kwa sauti ambayo Aimable aliposikia alitoka nje kwenda kuangalia mbuzi, kama hakupewa namba. Cleophace alisema alipewa, tena ameiandika. Lakini kamati ilitafakari. Mwaka huu anakwenda Uwitonze. Mwakani au mwaka wa mbele, Mungu akipenda, atakwenda mwingine, pengine kijana wa kiume. Buti ni mali ya usharika. Akawaelezea, kama anafundisha darasa, kwamba yeye ndiye aliyesimamia majoho ya kwaya miaka kumi iliyopita, na majoho yale yalikatwa makubwa makusudi ili yamtoshe yeyote, na mpaka leo hakuna mwanakwaya aliyekosa joho.

Na hapo ndipo ilipo ajabu ya watu wetu. Joho la kwaya kweli humtosha kila mtu, kwa sababu halimtoshi mtu yeyote. Unakunja mikono, unabana na pini, unaimba. Cleophace hakuwa mwizi wala mjinga. Alikuwa mwangalizi mzuri wa mali ya wote, na kwa uangalizi wake alikuwa amenunua buti kwa ajili ya watu wote isipokuwa yule anayesafiri.

"Mzee wangu," Restuta alisema, "mtoto huyu atavunjika mguu."

"Mama Uwitonze, hasira hasara. Zawadi haipimwi."

Restuta alifungua kinywa amjibu, na wala haikuwa tusi. Lilikuwa jambo la raba nyeupe, ambalo hajawahi kumwambia mtu nje ya nyumba yake. Lakini Uwitonze alimwahi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, buti zote mbili mguuni, anajaribu kutabasamu. Alimshukuru mzee kwa mikono miwili, kama alivyolelewa. Kisha akamgeukia mama yake.

"Usijali, Mama. Nitaweka magazeti."

Restuta aliingia jikoni. Alisimama mbele ya mafiga akiwa na mwiko mkononi na hakujua alikuwa anataka kukoroga nini. Hakuwa na hasira na Cleophace tena. Hiyo ilikuwa hasira ndogo. Alimkasirikia baba yake kaburini, akaikasirikia kona ile ya mwisho, akajikasirikia kwa kumlea binti anayejua kushukuru kuliko kukataa. Alilia kwa hasira, machozi machache ya moto, akayafuta kwa kanga. Kisha akatoka kwenda kutafuta buti.

Alhamisi alikuwa Omurushaka. Ijumaa alipanda pikipiki mpaka Rugu, alikosikia kuna robota la viatu vya baridi. Alipindua marundo mpaka wenye mali wakaanza kununa. Alikuta buti za mvua, za jeshi, hata zile ngumu za plastiki za mchezo mwingine, ambazo mchuuzi mmoja alimwapia kuwa ni za kupigia dawa mibuni. Za namna aliyoitaka hakukuwa na hata jozi moja. Alirudi na vumbi mpaka kwenye kope, na usiku huo Aimable alimwekea maji ya moto ya kuoga, jambo ambalo lilikuwa busara.

Jumamosi asubuhi, akimenya ndizi, kisu kilisimama katikati ya ganda. Alikuwa amekumbuka jozi nyeusi, kamba za bluu. Aliiuza mwenyewe, msimu wa mvua uliopita. Na alikumbuka mguu uliozinunua.

Hapa Restuta, aliyewahukumu watu wote wa Kyerwa kwa miguu yao, alilazimika kujitazama. Nyani haoni kundule. Mbonimpa alikuja siku ile akitaka kitu cha kumkinga na baridi ya alfajiri kule malishoni. Mguu wake ni arobaini na mbili, mpana. Buti zile zilikuwa arobaini. Zilikuwa zimelala juu ya turubai miezi minne bila mnunuzi, mvua ilikuwa inakuja, na Restuta alitaka kufunga. Alimwambia zitapanuka. Wachuuzi wa viatu wana uongo wa namna mbili: kikubwa, utakua nacho, kidogo, kitapanuka. Alikuwa ameupiga vita ule wa kwanza maisha yake yote, na huu wa pili akautumia kwa kibarua kwa sababu huyo hakuwa na baba wa kumtetea wala kamati.

Alivuka kilima na buti nyekundu kwenye mfuko. Mbonimpa alikuwa zizini, pekupeku, kwenye umande. Mkewe, Nyirabahire, aliweka kigoda na kukipangusa. Mbonimpa alisalimia shikamoo, na Restuta aliitikia kwa shida. Alimwuliza habari ya zile buti nyeusi.

"Zipo, mama. Uliniambia zitapanuka," alisema Mbonimpa. Hakusema kwa ubaya. "Nikatoa kile cha ndani ili nipate nafasi, lakini wapi. Nikazitundika. Nimesubiri."

Neno lile, nimesubiri, lilimwingia Restuta kuliko tusi lolote alilowahi kutukanwa gulioni. Alikuwa amezoea kuwa na hasira na watu. Hakuwa amezoea kustahili hasira za watu na kunyimwa. Alimwomba radhi waziwazi, mbele ya mkewe, akasema alimdanganya na alijua anamdanganya. Nyirabahire ndiye aliyejibu, akasema asante kwa kusema.

Buti zilikuwa juu ya kenchi za paa, karibu mpya. Viatu vya ndani vilitafutwa. Kimoja kilikuwa na mbegu za maharage, kingine vitunguu. Wakavimwaga kwenye ungo. Kisha Restuta akapiga magoti kwenye ardhi ya zizi, akamvisha Mbonimpa zile nyekundu kwa mkono wake, soksi moja, akafunga kamba, akamwambia asimame, akunje magoti, atembee mpaka kwenye mti na kurudi. Mbonimpa alitembea. Alirudi akitembea polepole zaidi kuliko alivyokwenda, kama mtu asiyetaka kufika.

Jumapili ilikuwa ibada ya kumuaga Uwitonze. Mzee Cleophace alikuwa amepanga kwamba buti zibarikiwe mbele ya madhabahu, na meza ndogo iliwekwa kitambaa cheupe. Jina likaitwa. Uwitonze akatokea katikati ya kanisa na buti nyeusi za kamba za bluu, zilizosuguliwa mpaka zikang'aa, na bado zinanuka vitunguu kidogo. Kitambaa cheupe kikabaki kitupu.

Cleophace alisimama. Alikuwa na haki ya kuuliza, na aliuliza kwa adabu, ingawa shingo ilikuwa imemvimba.

"Mama Uwitonze, buti za usharika ziko wapi?"

Restuta alikuwa na hotuba. Alikuwa ameiandaa usiku kucha, ina raba nyeupe ndani yake, ina majoho, ina ule mlango mmoja na mlango mwingine. Aliinuka, na akagundua kwamba haihitaji.

"Mlisema ziwe za kumtosha yeyote wa usharika," alisema. "Mbonimpa, simama."

Kule mlangoni, Mbonimpa akasimama, na kanisa zima likageuka. Nyekundu ya buti zile ilionekana mpaka kwenye kwaya. Mtu mmoja alianza kucheka akaacha. Cleophace alisema hizo zilinunuliwa kwa ajili ya safari, kwa michango ya watu. Restuta akamwambia kwamba kuku mmoja alisomwa hapahapa, mwishoni, na kama mzee amesahau, yeye hajasahau. Mchungaji akasema utoaji wa sadaka ufuate.

Mbonimpa alitembea na sadaka yake mpaka mbele. Hakumpa mtoto.

Kamati ilimwita Restuta wiki iliyofuata, na aliitika wito, na yaliyosemwa huko yalikuwa makali pande zote mbili. Hilo ni la baadaye. Jumapili ile, mchungaji alipomwekea mikono Uwitonze, binti alipaswa kupiga magoti. Kwanza akayakunja kidogo tu, mikono akiitawanya, kama kule mteremkoni, akilijaribu jambo lake mwenyewe mbele ya watu wote. Cleophace alikuwa akimkazia Restuta macho. Restuta hakumwona. Alikuwa akitazama kisigino cha kushoto cha mwanawe, na kisigino hakikuinuka.